Fundi Gichovi na Neno la Mwaka Huu

Gichovi alikuwa na miaka hamsini na saba, lakini magoti yake yalikuwa yameishi zaidi ya hapo. Kwa miaka ishirini na miwili aliyapiga kwenye sakafu ya saruji ya nyumba ya pampu, katika shamba moja kubwa la maua huko Timau, ambako baridi hushuka kutoka mlimani na kuingia ndani ya chuma. Ukishika spana asubuhi bila glavu, inakuuma. Naye hakuwa mtu wa baridi. Alizaliwa kule chini Mbeere, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Siakago, kwenye ndengu na mbuzi na muguka, majani ya kutafuna. Alipomaliza chuo cha ufundi mjini Meru, shamba la Timau ndilo lililomwita kwanza. Alipanda akaenda, akamwambia dada yake Wawira kwamba atakaa miaka miwili tu.

Kazi yenyewe aliipenda. Alikuwa na bisibisi ndefu ambayo aliiweka ncha yake juu ya beringi inayobeba mhimili wa pampu, na mpini wake kwenye sikio, akafumba macho, akakaa hivyo dakika nzima. Beringi nzima huimba wimbo mmoja. Iliyoanza kuchoka hukwaruza, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo. Gichovi aliweza kukwambia kwamba pampu namba mbili itadumu mpaka Agosti, na ikadumu mpaka Agosti.

Kilichomchosha ni maneno. Alipoajiriwa kulikuwa na neno moja tu, sevisi. Mashine hufanyiwa sevisi, basi. Baada ya miaka michache akaja meneja mpya, na neno likawa preventive: kutengeneza kabla ya kuharibika. Gichovi aliona hilo ndilo walilokuwa wakifanya siku zote, ila sasa kulikuwa na fomu ya kijani. Meneja huyo akaondoka, wakaletewa mshauri kutoka Nairobi aliyewafundisha kwamba kila mfanyakazi ni fundi, hata mkata maua. Wakapewa fulana za manjano. Baadaye likaja neno reliability, yaani mashine ya kutegemewa, na bango kubwa ukutani, na fomu ya kijani ikatupwa. Mwisho likaja predictive, yaani mashine yenyewe itabiri siku yake ya kufa. Vikabandikwa vidude vidogo juu ya mota, vya kutuma habari kwenye kompyuta ya ofisini. Kila neno lilidumu kama miaka mitatu, na hakuna lililoaga lilipoondoka.

Januari ya mwaka wake wa mwisho pale, pampu namba tatu ilianza kukwaruza. Gichovi alisikia, akaenda kuandika. Kompyuta haikuwa na mahali pa kuandika sauti. Ilikuwa na mahali pa joto na mahali pa mtikisiko, na kidude cha namba tatu kilisema vyote ni sawa. Akamwambia msimamizi kwa mdomo mara mbili. Msimamizi akasema, "Mzee, system haionyeshi kitu. Tungojee data."

Wakangojea data. Wiki ya kwanza ya Februari, wakati maua yanakatwa usiku na mchana kwa ajili ya siku ya wapendanao, pampu namba tatu ilijifunga. Nyumba nne za maua zilikaa siku mbili bila maji. Kikao kikaitwa cha kutafuta chanzo cha tatizo, na kabla ya chai ya saa nne chanzo kilikuwa kimepatikana: Gichovi. Hakuna maandishi yake yoyote kwenye mfumo. Hakubishana sana. Alikusanya spana zake, akasaini barua ya kuacha kazi, akashuka Meru.

Mjini Meru alimpata Mohamednoor, mwenye duka la pampu, mikanda na beringi karibu na soko. Babu yake Mohamednoor aliingia mji huo na malori, baba yake akaongeza duka, na yeye aliongea Kimeru kama mtu wa Kimeru, hata kwenye matusi. Alimpa Gichovi kazi siku ileile. Kwa miaka minne Gichovi alizunguka kutengeneza mashine za watu: posho mill za kusaga unga, mashine za mbao, pampu za visima. Ilikuwa kazi ya vumbi, lakini hakukuwa na mabango.

Kisha Mohamednoor akapata mkataba. Shirika moja la Nairobi lilitaka watu wa mashine ndogondogo wafundishwe namna ya kuzitunza, na lilitaka mwalimu awe mtu anayejua kazi. Kulikuwa na kitabu cha kufundishia, kofia za kugawa, na fomu. Ukurasa wa kwanza wa fomu uliuliza: *Katika eneo hili, watu wanapenda kutumia neno gani kwa utunzaji wa mashine?* Shirika lilikuwa limeona kwamba maneno yanayotumika mahali pamoja hayatumiki kwingine, na lilitaka kuchora ramani.

"Hajji, mimi si mwalimu," Gichovi alimwambia.

"Wewe ni fundi, na wao wanataka fundi," Mohamednoor alisema. "Semina tatu tu. Timau, hapa mjini, na kwenu Siakago. Ann amekutayarishia karatasi zote."

Ann, karani wa duka, alimpa faili la buluu. "Usisahau kusainisha watu, Mzee. Bila sahihi hawatatuamini."

Semina ya Timau ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, na waliokuja wengi walikuwa mafundi wa mashamba. Muthomi, ambaye Gichovi alimfundisha kazi zamani na sasa alikuwa msimamizi wa vyumba baridi vya shamba jingine, alikaa mstari wa mbele. Gichovi alipofungua kitabu na kusema preventive, watu wakatazamana.

"Mzee, hiyo tuliacha kitambo," Muthomi alisema kwa upole. "Huku sasa ni predictive. Na kuna nyingine inakuja, wanaiita prescriptive. Mashine haitabiri tu, inakwambia na la kufanya."

"Na vidude vyenu vinafanya kazi?"

Muthomi akatazama mlango, kama vile meneja angeweza kuwa amesimama pale. "Betri ziliisha mwezi wa tatu. Tumeagiza."

"Na grisi?"

"Grisi pia tumeagiza."

Watu wakacheka, lakini si sana. Gichovi akaandika kwenye fomu: Timau, predictive. Walisaini, wakachukua kofia. Wakati wa kuagana Muthomi alimshika mkono muda mrefu. "Sikusema kitu siku ile ya kikao," alisema. "Nilikuwa nimekaa palepale nyuma, na nilikuwa nimekusikia ukimwambia msimamizi."

"Najua. Nilikuona," Gichovi akasema. Hakuwa na hasira ya kumpa. Alipanda gari na kulala mpaka Meru.

Mjini walikuja wenye posho mill na wenye mashine za mbao. Hapa neno la preventive lilipokelewa kama mgeni wa harusi. Mwirigi, aliyekuwa na mashine mbili za kupasua mbao, alilitumia kama kitenzi. "Yangu ilipigwa priventivu juzi," alisema. Mwingine akadakia kwamba yake hupigwa priventivu kila ikizima.

"Ikizima imeshaharibika," Gichovi alisema. "Hiyo ni kutengeneza."

"Sasa fundi, si ni kitu kimoja?" Mwirigi akauliza. "Mteja akiona nimeandika priventivu pale mlangoni anajua mimi ni mtu wa kisasa. Nikiandika sevisi, ataniona kama wale wengine."

Gichovi alizungumza kwa muda wa saa mbili. Alieleza kuhusu mkanda uliolegea, kuhusu vumbi la unga kwenye mota, kuhusu beringi. Alipomaliza, swali la kwanza lilikuwa kama kutakuwa na cheti. Akaandika: Meru mjini, preventive. Alitaka kuongeza sentensi, lakini fomu ilikuwa na mahali pa neno moja tu. Jioni mgongo ulimuuma kuliko siku ambazo alikuwa ameinua mota.

Ikabaki Siakago.

Hakuwa amefika nyumbani kwa mwaka na miezi miwili. Wawira, dada yake mkubwa, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima cha pale kwao. Kisima kilichimbwa na wafadhili miaka sita iliyopita, chenye pampu ya chini ya maji na paneli za sola. Wawira alikuwa amemwambia kwa simu kwamba alianguka kidogo. Gichovi alisema atakuja, na kila wiki ikawa na kazi yake.

Alifika saa mbili asubuhi na faili lake na katoni la kofia. Watu kama ishirini walikuwa wamekaa chini ya mabati ya jengo la kisima, wengi wao akina mama. Ukutani, kwa rangi ya kijani iliyoanza kubabuka, paliandikwa neno moja kubwa la Kiingereza, SUSTAINABILITY, yaani uendelevu, na chini yake alama za viganja vya mikono. Bomba lilikuwa kavu. Chini ya koki, mahali ambapo matope hukaa siku zote penye maji, ardhi ilikuwa imepasuka.

Wawira alikuja akitembea na fimbo. Aliweka mguu wa kulia, akauvuta wa kushoto. Gichovi alisimama akimtazama akivuka uwanja, na ulikuwa uwanja mdogo, lakini alichukua muda.

"Ulisema ulianguka kidogo," alimwambia kwa Kimbeere.

"Nilianguka na mtungi. Njia ya mtoni, pale kwenye mawe. Nyonga ndiyo ilifika chini kwanza."

"Kwa nini ulikuwa mtoni? Kisima hiki je?"

"Kisima kilinyamaza mwezi wa tisa."

Sasa ulikuwa mwezi wa nne. Gichovi alihesabu moyoni, akahesabu tena. Miezi saba. Katika miezi hiyo saba alikuwa ametengeneza pampu za watu asiowajua majina, huko Meru yote, na mara mbili alikuwa amepita Embu akielekea kwingine.

"Wawira, mimi ni fundi wa pampu."

"Tunajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Dada yake alitazama faili la buluu. "Tulisikia siku hizi wewe ni mtu wa semina," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Tuliwaandikia wale wafadhili. Wakasema tutume mpango wa sustainability. Tukatuma. Wakasema si hivyo unavyoandikwa, wakatutumia mfano. Tukaandika tena. Wakasema afisa aliyehusika amehama. Nikafikiri nikikuita wewe pia utakuja na fomu." Akanyoosha fimbo kuelekea katoni la kofia. "Na umekuja nayo."

Gichovi aliweka faili chini. Aliingia kwenye kijumba cha swichi, akafungua kisanduku, akatoa mita yake ya kupimia umeme. Alipima waya unaoshuka kisimani. Mita ilimwambia kwamba umeme ulikuwa unavujia majini. Akapima tena ili awe na uhakika, kisha akatoka nje, akasimama mbele ya watu waliokuwa wamevaa nguo za semina.

"Nafikiri pampu yenyewe haijafa," alisema. "Nafikiri ni waya, chini huko. Lazima tuitoe. Ni mita sitini za bomba la plastiki, na limejaa maji, litakuwa zito. Nataka kila mwenye mikono."

"Na semina?" mzee mmoja aliuliza.

"Baadaye."

Walifungua kifuniko. Gichovi alifunga kamba, wakashika, akina mama upande mmoja na wanaume upande wa pili, wakaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea barabarani huku bomba likitoka ardhini kama utumbo. Watu walioliona kutoka barabarani wakaja kusaidia. Mara mbili liliwateleza kidogo, na mara ya pili Gichovi alidhani limekwenda, lakini mama mmoja mnene aitwaye Felicitas alikaa chini kabisa, akaweka miguu yake kwenye jiwe, akalishikilia mpaka wengine wakashika upya. Wawira alikuwa amekaa kwenye katoni la kofia akiwaamrisha.

Saa sita pampu ilitoka, inameta kama samaki. Hatua chache juu yake, mahali pa kiungo, waya ulikuwa umesuguliwa na ukuta wa kisima kwa miaka yote hiyo. Mpira ulikuwa umechubuka, na shaba ilionekana. Ulikuwa mchubuko mdogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Aliyeufunga mwanzo hakuufunga kwenye bomba vizuri, ukawa unacheza kila pampu inapowaka.

Gichovi alipiga magoti. Alikata, akaunganisha upya, akaziba kwa mpira wa kuyeyusha na moto, akasubiri upoe, akaziba tena. Kisha akafunga waya kwenye bomba kila baada ya mita mbili, mita sitini zote, akitembea kwa magoti pale palipoinama. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyeongea sana. Felicitas alimletea uji wa mtama, akaunywa akiwa amesimama.

Saa kumi kasoro wakarudisha kila kitu chini. Aliwasha. Koki ilikohoa, ikatoa hewa, ikatoa maji mekundu ya kutu, ikanyamaza kidogo, halafu maji yakaja. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mmoja aliweka mtungi, mwingine akaweka wa kwake nyuma, foleni ikajiunga. Wawira alitazama kwa muda, kisha akafuta uso kwa leso, akasema anakwenda kupika.

Watu waliondoka na maji, na hakuna aliyekumbuka kusaini. Gichovi alikaa kwenye ngazi ya kijumba akaichukua fomu. *Katika eneo hili, watu wanapenda kutumia neno gani?* Alitazama ukuta wa kijani. Akaandika: "Pampu ilikuwa imekufa miezi saba. Tumeitoa tumeitengeneza. Semina haikufanyika."

Baada ya wiki moja Mohamednoor alimwita ofisini. Ann alikuwa amesimama mlangoni na faili la buluu.

"Nairobi wamekataa," Mohamednoor alisema. "Wanasema hilo si neno, ni hadithi. Wanataka uende ufanye semina ya Siakago upya, na sahihi."

"Hajji, nimechoka."

"Sote tumechoka."

"Sichoki na kazi. Nimechoka kusimama mbele ya watu nikiwafundisha neno. Timau nilifundisha watu wanaojua neno na hawana grisi. Hapa nilifundisha watu wanaolipenda neno kuliko mashine. Kule kwetu waliandika neno ukutani, na dada yangu akavunjika nyonga." Alisimama, kisha akakaa tena, kwa sababu goti lilikataa. "Nipe mashine. Nitatengeneza mpaka nizeeke. Lakini hizo kofia, mpe mtu mwingine."

Mohamednoor alichezea beringi mpya iliyokuwa mezani, akiizungusha kwa kidole. Alikuwa mfanyabiashara, na mkataba ni mkataba. Lakini pia alikuwa mtoto wa mwenye malori, na alijua lori lisilotazamwa huishia wapi.

"Ann," alisema mwishowe, "wewe unaweza kusoma kitabu mbele ya watu?"

"Naweza."

"Utaenda wewe. Mzee Gichovi atakupeleka, na huko atafanya analotaka."

Wakaenda. Ann alisoma kitabu vizuri, kwa sauti ya kuvutia, na watu wa Siakago wakamsikiliza, wakasaini, wakavaa kofia. Alipowauliza neno wanalopenda, walijadiliana, wakaona aibu kumwangusha mgeni, wakachagua preventive kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye kofia. Gichovi hakusikia. Alikuwa ndani ya kijumba akimfundisha Felicitas kusoma mita: sindano ikiwa hapa, sawa, ikiwa hapa, zima, unipigie simu. Felicitas alimrudishia somo lote mara tatu bila kukosea, kisha akamuuliza kama pampu ya kisima cha kule ng'ambo, anakokaa dada yake yeye Felicitas, ina waya wa namna hiyohiyo.

Baada ya hapo Gichovi alishuka Siakago Jumamosi mbili kwa kila mwezi, na Mohamednoor hakumuuliza. Nyonga ya Wawira haikupona sawasawa. Alibaki na fimbo, na shamba la ndengu alilikodisha kwa jirani. Pampu ilizima mara moja tena wakati wa kiangazi. Felicitas alipiga simu siku ileile, na ikatengenezwa kabla ya Jumatatu. Kuhusu miezi ile saba, Gichovi na dada yake hawakuzungumza tena. Mara moja alijaribu, akaanza, "Ningekuja..." na Wawira akamwambia ale chakula kabla hakijapoa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane alikuta Wawira amepika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Wakala nje, kwenye kivuli cha ukuta. Wawira alikunywa maji, akakunja uso.

"Haya maji yana chumvi," alisema. "Ya mtoni yalikuwa matamu."

"Chumvi inatoka kwenye mwamba," Gichovi alisema. "Hiyo siwezi kuitengeneza."

"Nimesema tu yana chumvi," Wawira akasema, akajimiminia kikombe kingine.